Mgonjwa aliyeandikwa "amelala vizuri": kisa cha wasiwasi kabla ya upasuaji wa busha

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya wilaya mkoani Lindi. Umri, miezi na baadhi ya mambo ya familia nimebadilisha, kabila na kijiji nimeviacha, na hospitali siitaji. Mimi ni muuguzi na nimo ndani ya kisa chenyewe, tena upande wa waliokosea, kwa hiyo msinitarajie kuwa mwamuzi asiye na upande.

Mgonjwa na alikotoka

Ni mwanamume wa miaka 52, mkulima wa korosho na ufuta. Alikuwa na busha la upande mmoja, amekaa nalo zaidi ya miaka 10. Pwani ya kusini hilo si jambo geni. Minyoo inayoleta matende na mabusha huenezwa na mbu, na kampeni za kingatiba, yale mazoezi ya kumeza ivermectin na albendazole, zimepita vijijini mwetu mara nyingi. Vidonge hivyo huua minyoo michanga iliyo kwenye damu, mbu akakosa cha kubeba kumpelekea mwingine. Lakini busha lililokwisha kujaa maji halinywei kwa vidonge. Linataka kisu. Upasuaji wenyewe si mkubwa, na kwetu hufanywa kwa ganzi ya mgongo, mgonjwa akiwa macho.

Alikuja Novemba, baada ya malipo ya mnada wa korosho kuingia. Kijana wake alimleta asubuhi na kurudi kijijini siku hiyohiyo, maana korosho nyingine zilikuwa bado zimeanikwa na wezi hawana likizo. Mgonjwa akabaki peke yake. Mjomba wake, aliyemlea tangu utotoni na ambaye ndiye msemaji wa ukoo, hakuambiwa kitu. Huku kusini makabila mengi hufuata ukoo wa mama, na mjomba si mtu wa kupewa taarifa baadaye. Jambo hilo halikuulizwa na yeyote kati yetu siku ya kwanza. Kwenye faili tuliandika jina la kijana na namba yake ya simu, tukaona inatosha.

Ngazi nne, kwa lugha ya wodini

Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani aliyeishi kati ya 1909 na 1999, aliugawa wasiwasi katika ngazi nne, na ndizo tunazofundishwa vyuoni. Nitazieleza kama zinavyoonekana kitandani.

Wasiwasi mdogo humwamsha mtu. Anauliza maswali, anakumbuka unachomjibu, anacheka. Huo ndio wakati wa kumfundisha. Wasiwasi wa kati humfanya aone kitu kimoja tu, vingine vinafifia. Anakusikia ukimrudisha kwenye jambo, kwa sentensi fupi. Jasho la viganja, kukojoa mara kwa mara, tumbo kuvuruga. Wasiwasi mkali ni hali nyingine kabisa: akili inashika vipande visivyoungana, mapigo yanakimbia, mikono inatetemeka, na maelezo yoyote unayompa hayaingii. Mwisho kiwewe. Hapo mtu hafikiri tena, anakimbia, anapiga kelele au anaganda kama gogo, na kazi yako ya kwanza ni usalama wake.

Wagonjwa wetu ni nadra kusema "nina wasiwasi". Husema moyo unakwenda mbio, roho haijatulia, presha imepanda, mwili umekufa nguvu. Au hawasemi kabisa.

Siku ya kwanza

Alipokelewa saa 4 asubuhi. Presha 126/80, mapigo 84. Aliuliza atakaa siku ngapi, atalima lini, na kama gharama aliyoambiwa kijijini ndiyo hiyohiyo. Mhudumu mmoja wa wodi, mtu wa utani, alimwambia, "Mzee, kesho tunakupunguzia mzigo, utarudi nyumbani unakimbia." Akacheka, akamrudishia utani wake. Utani ulikuwa mahali pake. Mtu anayeweza kurudisha utani bado yuko ngazi ya kwanza.

Jioni daktari alipita na fomu ya ridhaa. Alimweleza juu ya upasuaji, sindano ya mgongo na hatari zake, kwa dakika kama 5, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza. Muuguzi wa zamu ya mchana, mwanamke wa rika la binti yake, alisimama pembeni akishika faili. Mgonjwa hakuuliza hata swali moja. Alisaini. Muuguzi alipima: presha 144/88, mapigo 102. Aliandika namba hizo, na mbele ya namba akaandika "ameelewa".

Nitaje hapa jambo ambalo mtu wa huku atalielewa bila kuelezwa sana. Mwanamume aliyepita jando hazungumzii sehemu hizo mbele ya mwanamke, achilia mbali mbele ya wanaume wageni waliolala na masikio wazi. Kunyamaza kwake kulikuwa na aibu ndani yake, na kulikuwa na wasiwasi ndani yake, na sisi tulikusoma kama kuelewa.

Usiku

Niliingia zamu saa 1:30 jioni. Katika makabidhiano niliambiwa: kitanda cha dirishani, busha, kesho wa kwanza, asile kitu kuanzia saa 2 usiku, hana tatizo.

Karibu saa 8 usiku mgonjwa wa kitanda cha pili kutoka kwake, mzee aliyekuwa na hali mbaya tangu juzi, alifariki. Tulimfunika, ndugu walilia kwa sauti ya chini, machela ikaja, ikapita mbele ya kitanda cha dirishani. Tulikuwa wawili kwa wodi nzima. Baada ya hapo nilizunguka na tochi. Mgonjwa wetu alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, shuka hadi shingoni ingawa joto la Novemba mnalijua. Nikapita. Asubuhi nikaandika katika ripoti: "Mgonjwa amelala vizuri, hana malalamiko." Sikumpima mapigo.

Asubuhi

Sehemu hii sikuwapo, zamu yangu ilikuwa imekwisha. Naisimulia kwa maneno ya wenzangu watatu waliokuwapo, na pale wanapotofautiana nimechukua wanayokubaliana.

Saa 2 asubuhi alipimwa: presha 168/98, mapigo 126. Yule mhudumu wa jana akaja kumchukua na utani wake uleule wa kupunguziwa mzigo. Safari hii mzee alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Namba zile zilisomwa kwa sauti na mtu akasema, "Kawaida, wote wanapanda siku ya upasuaji."

Hakuingia moja kwa moja. Mama mjamzito aliletwa kwa dharura akahitaji kufanyiwa upasuaji, kisha umeme ukakatika hadi jenereta iwashwe. Mzee alikaa kwenye benchi la ukumbi wa chumba cha upasuaji, amevaa gauni lililofungwa nyuma, tangu saa 2 hadi karibu saa 5. Hakuwa amekula kwa saa 15.

Yule mama alipotolewa, alipitishwa mbele ya benchi. Naye alichomwa ganzi ya mgongo, na ganzi ilikuwa bado haijaisha. Wauguzi wawili walimhamisha kutoka kitanda kimoja hadi kingine, mmoja akiinua mabega, mwingine akiinua miguu, ikiwa mizito na legevu kama si yake.

Mzee akasimama. Akang'oa kanula, ile sindano ya dripu, mkononi, damu ikatiririka kwenye gauni, akatoka hadi varandani akisema neno moja tu: "Naenda. Naenda." Pumzi zilikuwa za haraka mno, vidole vya mikono vikaanza kukakamaa. Watu wanne wakamzunguka. Mmoja anamwambia akae, mwingine anamuuliza kwa nini ameng'oa sindano, mlinzi amemshika mkono, na mtu wa nne anatafuta mfuko wa karatasi ili apumulie humo. Kadiri walivyozidi, ndivyo alivyozidi kuvuta kuelekea geti.

Aliyemtuliza, na alivyofanya

Muuguzi wa kiume wa miaka mingi kazini alitokea upande wa kliniki. Alimwondoa mlinzi, akawaondoa watu wawili, akabakisha mmoja tu wa kubana pamba pale kanula ilipong'olewa. Mfuko wa karatasi aliukataa. Mtu anayehema hivyo huenda mapafu au moyo wake ndivyo vinavyomsumbua, na kumpumulisha hewa aliyoitoa mwenyewe kunaweza kumdhuru.

Kisha alikaa chini, kwenye ngazi ya varanda, mahali ambapo mzee angelazimika kumtazama kutoka juu. Akasema, "Shikamoo baba. Hakuna anayekupeleka ndani." Akanyamaza. Baada ya muda: "Kaa hapa kivulini. Mimi nipo." Sentensi zake zote zilikuwa fupi hivyo. Hakuuliza sababu. Mzee alipokaa, alimwambia akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, avute pumzi puani kwa hesabu ya nne na kuitoa mdomoni kwa hesabu ya sita, na yeye mwenyewe akawa anafanya hivyo kwa sauti ya kusikika. Vidole vililegea baada ya kama dakika 10.

Ndipo vipimo vikaletwa. Oksijeni 99, sukari 3.9, hakuna homa. Hapa kuna kosa ambalo hata mwenzetu huyo analikubali: sukari ilichelewa kupimwa kwa karibu dakika 20. Mtu aliyefunga saa 15, anayetetemeka, anayetoka jasho na kukosa utulivu, anaweza kuwa ameishiwa sukari. Anaweza kukosa oksijeni. Anaweza kuwa anavuja damu ndani. Neno "wasiwasi" huandikwa baada ya hayo kutafutwa.

Uamuzi wa kuahirisha

Daktari alitaka apewe dawa ya kumtuliza kisha aingie. Hoja zake hazikuwa za kupuuzwa: ridhaa imesainiwa, foleni ni ndefu, mzee ametoka mbali, na akirudi kijijini huenda asije tena. Muuguzi alipinga kwa hoja moja. Mtu huyu amesema "naenda" akiwa macho, na saini ya jana haiwezi kusema zaidi ya mdomo wa leo. Walibishana ofisini, si mbele ya mgonjwa, na hilo lilisaidia. Upasuaji uliahirishwa, mzee akapewa chai yenye sukari na kurudishwa wodini, kitanda cha upande mwingine.

Niliporudi zamu jioni niliambiwa yote. Nilivuta kiti, nikamwamkia. Sikumuuliza kwa nini alikimbia, kwa sababu "kwa nini" kwa mtu mzima aliyeaibika husikika kama hukumu. Nilimuuliza, "Pale kwenye benchi, baba, uliona nini?"

"Nilimwona yule mama hana miguu," alisema.

Akaniambia kwamba kaka yake miaka mingi nyuma alipewa nusu kaputi akafanyiwa upasuaji na hakuamka. Yeye alipoambiwa sindano ya mgongo, alielewa ni usingizi uleule unaopitia mlango mwingine. Na kijijini kuna msemo kwamba anayechomwa mgongo hupooza. Kisha akaniambia la usiku:

"Walipomfunika yule mwenzangu, ulipita na tochi, sista. Nikafumba macho."

Nilimuuliza kwa nini asiniite.

"Ungejua niko macho, ungenichoma ya usingizi."

Hakulala dakika moja. Alijifanya amelala, na mimi nikaandika alichotaka nikiandike.

Mara ya pili

Alisema atakubali ikiwa mjomba wake atakuwapo. Tulimpigia simu mbele yake. Mjomba, mzee wa miaka zaidi ya 70, alifika kesho yake mchana kwa basi. Nisisitize kwamba hakusaini chochote. Ridhaa ni ya mgonjwa mwenye akili timamu, na sheria ya ukoo haiingii kwenye fomu. Lakini mgonjwa alitaka asikie naye, basi akasikia naye.

Maelezo yalitolewa upya, safari hii na muuguzi wa kiume, kwenye chumba cha kubadilishia vidonda, mlango umefungwa. Yaligawanywa siku mbili. Siku ya kwanza walizungumzia miguu peke yake: utaiona lakini hutaihisi, itakuwa mizito, watu wengine wataiinua kwa niaba yako, na baada ya saa 2 hadi 4 vidole vitaanza kucheza. Aliambiwa arudie kwa maneno yake. Alirudia hivi: "Miguu inalala, mimi silali." Siku iliyofuata ndipo vikafuata kidonda, mishono na mambo ya chumbani na mkewe, ambayo kumbe yalikuwa yanamsumbua kuliko tulivyodhani. Mgonjwa mwingine aliyefanyiwa busha wiki hiyo alitembea mbele yake kutoka kitandani hadi mlangoni. Usiku wa kuamkia upasuaji alimeza diazepam, dawa ya kutuliza, miligramu 5, kama daktari alivyoandika, baada ya kuelezwa ni ya nini na kukubali.

Siku ya tano aliwekwa wa kwanza na hakukalishwa kwenye benchi. Presha 138/84, mapigo 96. Wasiwasi ulikuwapo, wa kiwango ambacho mtu anaweza kukibeba.

Kama dakika 5 baada ya ganzi, akiwa amelazwa, alianza kugeuza kichwa huku na huku, akasema anajisikia vibaya, moyo unamtoka. Mtu mmoja chumbani akasema, "Hofu imerudi." Mtaalamu wa usingizi hakujibu, alitazama mashine: presha 88/50. Ganzi ya mgongo hulegeza mishipa ya damu na presha ikaporomoka. Kichefuchefu na kutotulia ni dalili zake. Dripu ilifunguliwa, dawa ya kupandisha presha ikachomwa, na baada ya dakika chache alitulia. Upasuaji ukaendelea hadi mwisho.

Alitoka siku mbili baadaye. Mishono ilitolewa kwenye zahanati ya kijijini. Kwetu hakurudi, ila kijana wake alituambia kwa simu kwamba kidonda kimefunga.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la varandani. Pale watu walishtuka, na watu walioshtuka huzungumza wote kwa pamoja. Kosa lilianza jioni ya siku ya kwanza, pale namba zilipopanda na maswali yakakauka kwa wakati mmoja. Mtu aliyeuliza maswali matatu asubuhi akakosa hata moja jioni, huyo wasiwasi wake umepanda ngazi. Tungelinganisha asubuhi na jioni tungeona. Lakini kila zamu ilimtazama kwa macho yake, na hakuna aliyemtazama kwa siku nzima.

La pili ni kwamba tuliupima wasiwasi kwa kelele. Wodini kwetu anayelia na kuita ndiye huhudumiwa, naye mara nyingi yuko ngazi ya pili, anaweza kusikia. Aliyeganda ubavu, shuka shingoni kwenye joto, ndiye aliyekuwa hatari. Ningemgusa kiganja tu ningejua, kwa sababu jasho halijui kujifanya. Uwiano wa wauguzi wawili kwa wodi nzima ni sababu ya kweli, na sitaki kuificha, ila kugusa kiganja hakuchukui dakika.

Utani wa mhudumu unanifundisha zaidi ya kitabu. Maneno yaleyale, mtu yuleyule, nia ileile njema: Jumatatu yalimpunguzia mzee uzito, Jumanne yalimwonyesha kwamba hakuna anayemwona. Hatukosei kwa kutumia utani. Tunakosea kwa kutotazama kama umerudishwa. Vivyo hivyo "usijali", neno tunalolitoa bure kama maji. Kwa mwenye wasiwasi mdogo ni salamu. Kwa aliye ngazi ya tatu ni mlango unaofungwa, maana umemwambia jambo lake halina pa kusemewa. "Pole" ni afadhali mara 10, kwa sababu "pole" inakubali kwamba kuna kitu.

Kilichofaulu varandani kilifaulu kwa sababu kilikuwa kidogo: mtu mmoja, sauti moja, ahadi moja ya kweli. "Hakuna anayekupeleka ndani" ilikuwa kweli wakati inasemwa, na iliendelea kuwa kweli. Kama daktari angeshinda ubishi ule, sentensi hiyo ingegeuka uongo na nina shaka kama mzee angemwamini tena mtu mwenye gauni jeupe.

Daktari mwenyewe bado hakubaliani nami. Anasema diazepam ingempeleka salama siku ileile na kitanda kisingekaliwa siku 3 zaidi. Siwezi kumthibitishia vinginevyo, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mmoja na alipita njia moja. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile presha ingeweza kuporomoka vilevile baada ya ganzi, na chumba kizima kingekuwa tayari kimeamini kuwa mzee huyu ni mwoga.

Tumebadilisha mambo mawili. Fomu ya ridhaa ya mabusha sasa inazungumziwa chumbani, na muuguzi wa kiume akiwapo ndiye huanza. Na tunamuuliza kila anayelazwa, "Nani nyumbani asingependa kusikia habari hii kwa watu wengine?" Swali hilo humleta mjomba kwenye faili haraka kuliko "ndugu wa karibu".

Benchi bado liko palepale, hakuna ukumbi mwingine. Januari tulitundika pazia kati yake na njia ya machela. Machi pazia hilo lilihamishiwa wodi ya wazazi, ambako nako lilihitajika.